Roboti la Mpingo

Miaka kumi na mmoja ni mingi kumpikia mtu chai huku ukimtakia mabaya, lakini Nthenya aliimaliza yote bila kuunguza hata sufuria moja. Kila saa nne asubuhi alimpelekea Mzee Jonah kikombe chake, maziwa mengi, sukari vijiko vitatu. "Karibu chai, Mzee," alisema. Mzee Jonah alijibu bila kuinua macho, "Mungu akubariki, Mama Ndinda." Kisha Nthenya alirudi nyuma ya duka, akaketi juu ya gunia pamoja na wanawake wenzake na kuendelea kumpiga twiga wa mti msasa.

Duka la Mzee Jonah lilikuwa Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo magari ya watalii yalisimama watu wanyooshe miguu. Aliuza vinyago. Kwetu kazi hiyo imegawanywa tangu zamani: wanaume huchonga, wanawake hulainisha kwa msasa na kung'arisha. Kwa hiyo mwanamume hupata sifa na mwanamke hupata vumbi puani. Nthenya hakuwa na neno na mgawanyo huo. Alikuwa na neno na Mzee Jonah peke yake, na neno lenyewe lilianza mwaka wa sabini na sita.

Mwaka huo mume wake, Ndululu, ndiye aliyekuwa mchongaji bora pale. Alichonga mpingo tu. Sasa, mpingo si mweusi wote. Moyo wake ndio mweusi, lakini nje, chini ya gome, una ukanda mweupe wenye umanjano kidogo. Wachongaji wengi huuondoa. Ndululu aliuacha makusudi, mstari mwembamba tu mgongoni mwa nyati au shingoni mwa swara, ili mtu aone kwamba mti huu ni mti na haukupakwa kitu. Huo ndio ulikuwa mkono wake. Ukiona mstari huo, ulijua ni Ndululu hata kama hukujua kusoma.

Siku moja Ndululu alikuwa amekwenda kwao Zombe kutafuta magogo. Mzee Jonah akaja nyuma ya duka na nyati watatu wa Ndululu mikononi. "Mama Ndinda, kesho kuna mteja mkubwa anakuja. Yeye anapenda nyeusi tupu. Hebu paka polishi hapo penye weupe, hata hao wanyama wapendeze."

Nthenya akapaka. Alichukua polishi nyeusi ya viatu, akasugua, akang'arisha mpaka nyati wakawa weusi kama chungu cha kupikia githeri. Hakuuliza, kwa sababu ni mzee wa kanisa aliyemwambia, na kwa sababu kupaka ndiyo kazi yake. Kosa lake lilikuwa hilo tu, lakini alilibeba miaka yote kana kwamba aliua mtu.

Mteja mwenyewe alikuwa Kaluki, mama mwenye hoteli huko chini njia ya Mombasa, mkusanyaji wa vinyago tangu ujana wake. Naye hakuwa amekuja kununua nyati watatu. Alikuja kumwambia Ndululu, ambaye alikuwa amerudi asubuhi hiyo, kwamba anataka amchongee vinyago vya hoteli nzima, yeye na yeye, bila duka katikati. Mzee Jonah alilijua hilo kabla. Alimwacha mama wa watu amalize kusema, akatoa hanchifu nyeupe mfukoni, akaimwagia spiriti, akapangusa mgongo wa nyati. Hanchifu ikatoka nyeusi. Na pale alipopangusa, ule weupe ukachungulia.

"Ona mwenyewe, mama," Mzee Jonah akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni tamu kabisa, kama anayesoma tangazo la kifo. "Si mpingo. Ni jakaranda nyeupe iliyopakwa rangi ya viatu. Nami nilimwamini huyu kijana kama mwanangu."

Ndululu alifungua mdomo, ukabaki wazi. Alimtazama mke wake mara moja. Mara moja tu. Alijua mkono gani ulipaka, na kujitetea kungekuwa kumshtaki.

Kaluki alipanda gari lake akaenda zake, na habari ikamtangulia kila mahali penye wanunuzi. Chama cha wachongaji kikalifuta jina la Ndululu. Akarudi Zombe, akalima, akachonga mipini ya majembe. Nthenya alipomfuata na kutaka kuupiga msasa mpini mmoja, kwa mazoea tu, Ndululu aliuchukua mkononi mwake taratibu. "Wacha," alisema. Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza. Lakini tangu siku hiyo hakuna kitu alichokitengeneza Ndululu ambacho mke wake aliruhusiwa kukigusa, na mimi nasema afadhali angempiga kofi likaisha.

Basi Nthenya akarudi Sultan Hamud, kwenye gunia lake. Watu walimsema. Mwanamke gani huyu, anakula kwa mtu aliyemwaibisha bwanake? Aliwaacha waseme. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya nguo za kanisani, alikuwa na ile hanchifu. Mzee Jonah aliitupa siku ileile, na Nthenya akaiokota.

Alitaka kitu kimoja. Hakutaka duka liungue, wala Mzee Jonah afe; angekufa, nani angesema ukweli? Alitaka Mzee Jonah, kwa mdomo wake mwenyewe na mbele ya Kaluki, aliondoe doa kwenye jina la Ndululu.

Mzee Jonah naye alinawiri. Alichora ukutani kwa herufi kubwa, HAPA TUNAPANGUSA, na kila mteja alionyeshwa hanchifu nyeupe ikipita juu ya kinyago na kutoka nyeupe. Wanawake wa nyuma ya duka walijua siri yake. Vingi vya vinyago hivyo vilikuwa jakaranda kweli, lakini vilichovywa kwenye rangi ya watengeneza ngozi ambayo haitoki, na juu yake vanishi. Yule aliyemwita mwenzake mwongo alikuwa anauza uongo kwa dazeni.

Halafu ukaja mwaka wa themanini na saba, ukaja na daktari Mulei.

Mulei alikuwa daktari wa meno Nairobi, mtu wa Makueni, na alikuwa na wazimu wake. Alikusanya maroboti. Si ya kuchezea, alisema, ya kuweka kabatini na kutazama. Alikuwa nayo ya bati, ya plastiki na ya chuma, na mengine yalikuwa yale ya kisasa, unayakunja mguu huku na kichwa kule yakawa lori au ndege. Sasa alitaka moja la mpingo, lenye urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, lisilokunjika popote, la kipande kimoja. Alileta picha. Alitaja bei, na Mzee Jonah akameza mate ikasikika.

Mzee Jonah alipobaki na Nthenya alisema, "Mpingo wa ukubwa huo nitatoa wapi? Na nikipata, utanila faida yote. Mama Ndinda, tafuta mchongaji huko kwenu, asiyejulikana. Achonge jakaranda. Wewe utaichovya ile rangi isiyotoka, na vanishi."

"Na uzito, Mzee? Huyo daktari ataibeba. Jakaranda ni nyepesi."

Mzee Jonah akakuna kidevu. Nthenya akamsaidia, kwa upole wote wa duniani. "Kuna mtu anajua kutoboa kutoka chini ya mguu, anajaza misumari mikuukuu na vyuma vya reli, halafu anaziba na gundi na unga wa mbao. Huwezi kujua."

Mzee Jonah alicheka mpaka machozi. "Mama Ndinda! Miaka yote hii nimekaa na wewe, kumbe una akili namna hii?"

"Nimejifunza kwako, Mzee," Nthenya akasema.

Akaenda Zombe. Chini ya kitanda cha Ndululu kulikuwa na gogo la mpingo, lile lile alilolileta dukani asubuhi ya aibu, akarudi nalo, na limekauka miaka kumi na mmoja bila ufa. Nthenya aliweka picha mezani, akasema kuna daktari anataka hiki, cha mpingo halisi. Hakumtaja Mzee Jonah.

Ndululu aliitazama picha muda mrefu. "Hiki ni nini?"

"Mtu wa mashine."

"Ana mikono kama debe." Akaigeuza picha juu chini. "Halafu hacheki wala halii. Nitamchonga."

Alichonga wiki saba. Majirani walisikia tezo ikilia tena uani, wakapita wakisingizia kuomba chumvi. Alipomaliza, roboti lilisimama kwa miguu miwili mipana, kifua kama mlango wa stoo, mikono imebana mbavuni, na kutoka kisogoni mpaka kiunoni ukashuka mstari mweupe mwembamba. Alilipiga msasa mwenyewe, yeye mwanamume, mpaka vidole vikachubuka. Alipomkabidhi mke wake likiwa limefungwa kwenye blanketi, alisema maneno manne.

"Usipake kitu juu yake."

Nthenya akaitikia. Na aliposhuka Sultan Hamud alilifungua lile blanketi, akachukua kopo la polishi nyeusi ya viatu, akaanza kupaka juu ya ule mstari mweupe. Alikuwa anarudia kitendo kilekile, kwa vidole vilevile, juu ya kazi ya mtu yuleyule, na safari hii akijua. Alilia akipaka. Lakini alipaka mpaka weupe ukaisha, na vanishi hakugusa.

Mzee Jonah alilinyanyua, akaguna kwa uzito. "Misumari ngapi humu?"

"Ya kutosha, Mzee."

"Na rangi ni ile isiyotoka?"

"Hata ukipangusa na spiriti."

Habari za roboti la mpingo zilienea kwa wakusanyaji, na Mzee Jonah, kwa tamaa yake, hakumwita Mulei peke yake. Aliwaita watatu wapandishiane bei. Kaluki alikuja kutoka hotelini kwake, amezeeka kidogo na kunenepa sana. Wa tatu alikuwa Ugas, mfanyabiashara wa mifugo ambaye malori yake yalipita Nuu na Mwingi yakipeleka ng'ombe Nairobi, na ambaye alipenda kukusanya magari ya kuchonga. Roboti liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, mbele ya duka, na wachongaji wakaacha kazi waje kutazama. Nthenya alileta chai.

Ugas ndiye aliyeanza kulalamika. "Daktari, hii inageuka nini?"

"Haigeuki."

"Haigeuki lori?"

"Haigeuki kitu. Ni roboti tu."

"Wallahi! Bei ya ng'ombe sita, na hata mkono haikunji?" Ugas alilizunguka. "Lakini moja naipenda. Sanamu ya mtu mama yangu hataki nyumbani. Hii si mtu. Hii naweza mwambia ni mashine ya kusaga posho."

Mulei alicheka, kisha akaanza kuhubiri, maana mkusanyaji ukimgusa hapo humzimi. Alisema zile zinazogeuka zote zina kasoro. Ili mguu uwe tairi lazima ukatwe vibaya, kiungo kinalegea, na ukigeuza mara ishirini unabaki na kifua mkononi. Plastiki nayo inakuwa njano kama meno ya mvutaji. Ya chuma inabambuka rangi. "Isiyogeuka, fundi hakulazimika kudanganya mahali popote. Kila kitu kiko pale kinatakiwa kuwa. Ndiyo maana naitaka ya mti, na mti wenyewe uwe mpingo. Sitaki ya kubahatisha."

"Maneno ya mti ndiyo yangu," Kaluki akasema. Alilinyanyua roboti kwa mikono miwili, akalishusha. "Uzito iko. Lakini mimi niliumwa na nyoka hapa hapa, Mzee Jonah, si unakumbuka? Nyati zangu. Siku hizi hata nikiona makaa nauliza kama ni halisi."

Mzee Jonah alikuwa anaingoja hiyo. Alisimama, akaonyesha maandishi ukutani, akatoa hanchifu nyeupe pe, akaimwagia spiriti mbele ya wote. "Mama, hapa tunapangusa," akasema, na akapangusa mgongo wa roboti kutoka juu mpaka chini, kwa nguvu, kama mtu anayefuta ubao.

Hanchifu ikatoka nyeusi tititi. Na mgongoni mwa roboti ukatokea mstari mweupe.

Lori lilipita barabarani, mlio wake ukaisha. Mzee Jonah aliigeuza hanchifu upande wa pili, kana kwamba huko kungekuwa na habari njema.

"Asi!" Kaluki akasema. "Tena?"

"Ngoja," Mzee Jonah akasema. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Ngojeni. Hiyo ni polishi ya juu tu. Hawa akina mama wanapenda kupaka paka. Mpingo halisi ukipakwa polishi lazima hanchifu itoke nyeusi. Na weupe huo ni wa mti wenyewe, mpingo una weupe wake. Hanchifu haionyeshi kitu!"

Nthenya aliweka birika chini. "Haionyeshi kitu, Mzee?"

"Haionyeshi! Muulize mchongaji yeyote hapa!"

"Wewe umejua hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani! Tangu nianze kazi!"

"Hata mwaka wa sabini na sita ulikuwa unajua?"

Mzee Jonah aliuona mtego, lakini alikuwa amechelewa. Kaluki aligeuka polepole, kiti kikalia. Wachongaji wazee, wale waliolifuta jina la Ndululu kwa mikono yao, walianza kutazama ardhi. Nthenya angeweza kukomea hapo. Alichokitaka alikuwa amekipata. Lakini njaa ya miaka kumi na mmoja haishibi kwa kijiko kimoja, na mimi simlaumu.

"Daktari," akasema, "kata chini ya mguu. Kipande kama sarafu tu. Uone ndani."

"Kata," Mulei akasema. "Kama ni mpingo nalipa bei yote, na mguu ukiwa mfupi ni shauri yangu."

Mchongaji mmoja akaleta msumeno mdogo. Akalilaza roboti. Meno ya msumeno yalipogusa mti, Mzee Jonah alirukia meza.

"Usikate! Ndani ni misumari!" Akaona macho yote yamemgeukia, na hofu ikammwagisha yote aliyokuwa nayo. "Ni jakaranda, ndani wameweka misumari, ni huyu mama alileta hiyo akili! Nilimwambia achovye, mimi nilimwambia kama zile zingine, hakuchovya!"

"Zile zingine zipi?" Ugas akauliza. Yeye alikuwa na malori saba ya kuchonga kutoka duka hilo.

Msumeno ukaendelea. Kipande kikaanguka mezani, nacho kilikuwa cheusi pande zote, cheusi mpaka katikati, kigumu, kinang'aa pale msumeno ulipopita. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Mulei akakiokota, akakinusa, akampa Kaluki. Kaluki alikishika muda mrefu kiganjani.

"Nani amechonga hii?" akauliza, ingawa ule mstari wa mgongoni ulikuwa unamtazama.

"Yule yule," Nthenya akasema.

Mzee Jonah alikuwa amekana kitu halisi, mbele ya watu waliokuwa na pesa mkononi, kwa sababu hakuweza kuamini kwamba duka lake linaweza kuwa nacho. Nthenya alimtazama usoni, akaona mdomo umebaki wazi kama ule wa Ndululu. Akafurahi. Sitasema aliona huruma, maana hakuiona.

Wiki ile Ugas alirudisha malori yake yote saba, akayamwaga mlangoni kama kuni. Maandishi ya ukutani yakapakwa chokaa. Kaluki alikwenda Zombe kwa gari lake mwenyewe, akaketi uani kwa Ndululu, akaomba radhi, akaacha oda ya hoteli nzima.

Ndululu alimuuliza mke wake jambo moja tu. "Uliipaka?"

"Niliipaka."

Ndululu akarudi kwenye tezo yake, na Nthenya akabaki hajui kama amerudishiwa mume au jina la mume peke yake.

Mwezi wa pili baada ya hapo, siku ya Jumamosi, Mzee Jonah alifika Zombe akiwa na wazee wawili wa kanisa na kilo nne za sukari. Alikuwa amekonda. Alitaka msamaha. Wazee wale walisema maneno mazuri, wakafungua Biblia, wakamtazama Nthenya, maana kila mtu alijua mlango uko kwake.

Nthenya aliwakaribisha viti. Akaingia ndani, akafungua sanduku la bati. Aliporudi aliweka mbele ya Mzee Jonah karai la maji, mche wa sabuni, na ile hanchifu ya zamani, imekakamaa, na doa lake jeusi limekaa katikati vilevile kama siku ile.

"Fua, Mzee," akasema. "Ikitakata, tumemaliza."

Mzee Jonah aliwatazama wenzake. Hawakumsaidia. Akakunja mikono ya koti, akainama, akaanza kufua. Povu likawa jeupe, likawa la kijivu, maji yakamwagwa yakaletwa mengine, na doa likabaki pale pale.

Uani, Ndululu alikuwa anamaliza nyati. Aliona yote, wala hakusimama. Akapuliza vumbi mgongoni mwa nyati, pale mstari mweupe ulipopita, akanyoosha mkono na kumpa mkewe pamoja na kipande cha msasa. Nthenya akaketi kando yake, akaanza kusugua, na wote wawili wakaendelea na kazi yao huku mzee wa kanisa akifua.